Upatu Uliokuwa Ukichelewa

Mama mdogo alichelewa tena. Jina la gemu lilijitokeza kwenye kioo, jekundu katikati ya weusi, ndipo upatu aliokuwa akiupiga ukalia, nusu sekunde nyuma ya jina, kama mgeni anayefika watu wameshanawa mikono.

"Imepita," alisema Ardhani. Yeye alikuwa Jakarta, kwenye kampuni iliyotengeneza gemu. Kwetu Yogyakarta, ukumbini tulipokuwa tukirekodi na okestra ya bwana mwongozaji, Pak Hapsoro, ulikuwepo uso wa Ardhani tu, kwenye kompyuta iliyowekwa juu ya kiti. "Mbak Wening, dada yangu, hii ni mara ya sita."

"Naona," nilisema.

"Mtu akiona jina, asikie upatu hapo hapo. Picha haisogei tena. Saa kumi napeleka hii trela ya kutangaza gemu, na nikikosa muziki wenu naweka wa kununua. Nimeshauchagua, upo hapa."

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Saa tisa na dakika tano ingeadhiniwa alasiri kwenye msikiti wa nyuma ya ukumbi, vipaza sauti vyake viingie kwenye maikrofoni zetu zote, na baada ya hapo ukumbi ulikuwa wa watu wa harusi. Hapa kwetu hurekodiwa kati ya adhana na adhana, kila mtu anajua. Nilikuwa nimepanga kila kitu, isipokuwa mama mdogo Sumirah.

Kosa lilikuwa langu na linaniudhi mpaka leo. Miezi minne nilitunga mbele ya kompyuta, kila sauti ikiangukia picha yake: msichana anaruka ufa wa volkeno, ngoma, mlango wa kaburi unafunguka, tarumbeta, giza, jina, upatu. Upatu wa kompyuta hauchelewi. Na mimi nimelelewa na mama mdogo, nimelala utotoni ubavuni mwa upatu huu wa shaba wenye jina la heshima kama mzee, Kyai Lindu. Najua kabisa kwamba kwetu upatu mkubwa haupigwi pamoja na wengine. Unawangoja wote watue, kisha nao unatua. Nilijua, nikasahau, kama mtu anayejenga ngazi na mama yake hawezi kupanda.

Kuusogeza upatu baada ya kurekodi kusingewezekana, maana mlio wake uliingia kwenye maikrofoni ya kila fidla. Ila nilikuwa na akiba. Kwenye vipokea sauti vyangu vya masikioni ule upatu wa kompyuta ulikuwa ukilia tangu asubuhi, pale pale panapotakiwa. Ningemwambia mama mdogo apumzike, turekodi bila yeye, niubandike huo. Sikuwa nimemwambia mtu.

Nilimgeukia. Alikuwa ameketi kwenye mkeka nyuma ya kiti changu, amekipa kioo mgongo.

"Mama mdogo, Pak Hapsoro akishusha mkono, na wewe shusha."

"Si ndivyo ninavyofanya?"

"Unachelewa."

"Wao ndio wanawahi. Hao watu wako wa fidla wanakimbia kama wameacha wali motoni."

Watu wa fidla wakacheka. Mimi nilitazama saa.

Tukarudia. Safari hii alijilazimisha. Mkono wake ulishtuka, akapiga kabla ya wote, na Kyai Lindu akatoa mlio wa sufuria iliyoanguka. Sijawahi kusikia upatu ule ukilia vibaya. Mama mdogo aliushika kwa viganja viwili akaunyamazisha, hakuniangalia.

"Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote," alisema Ardhani. "Samahani, Mbak. Nianze kuweka ule wa kununua?"

"Nipe nafasi moja tu," nilisema.

Saa nane na dakika hamsini na nne. Niliinuka nimwambie mama mdogo apumzike, maneno yakiwa tayari mdomoni. Nikamkuta anaugusagusa upatu kwa vidole, taratibu, anauamsha kama afanyavyo siku zote kabla ya kupiga. Nikauliza jingine.

"Kwani huwa unangoja nini?"

"Wafike."

"Wakifika mapema?"

"Nitapiga mapema. Mimi sina saa."

Nilikwenda kwa mwongozaji karibu nikikimbia. "Pak, sauti yao ya mwisho ifute. Wote wanyamaze pigo moja kabla ya jina. Upatu ubaki peke yake."

"Na yeye atapiga lini?"

"Akiona wamefika."

Pak Hapsoro alinitazama juu ya miwani. "Huo si muziki, Ning. Hiyo ni bahati nasibu."

"Ndiyo, Pak."

Akawageukia wapigaji, wakafuta kwa penseli.

Tulianza saa tisa na dakika mbili. Ngoma, ufa. Tarumbeta, mlango. Fidla zikapanda mpaka nikahisi meno yanauma, kisha mkono wa Pak Hapsoro ukafunga na ukumbi mzima ukanyamaza. Kioo kikawa cheusi. Mama mdogo alikuwa ameinua nyundo, hapigi. Nilimwona Ardhani anafumbua mdomo. Nilitaka kupiga kelele.

Jina likatokea, na Kyai Lindu akalia nalo.

Ulikuwa mlio wa chini, mpana, unaotembea sakafuni mpaka miguuni. Trela ilihitaji sekunde tisa za mlio ule. Nilizihesabu huku nikilia, na hakuna aliyesogeza hata kiti. Baada ya ile ya tisa kipaza sauti cha msikiti kikawashwa, muadhini akakohoa.

"Tumepata," alisema Ardhani, kwa sauti ndogo. "Amejuaje? Hata kioo hakioni."

Nikamuuliza mama mdogo. Alikuwa anatafuta kandambili zake aende kutawadha.

"Pak Trimo wa fidla besi, yule wa nyuma kabisa," alisema. "Ndiye wa mwisho kushusha mkono siku zote. Akishaushusha, wamefika."

Adhana ikaanza. Alijishikiza begani kwangu akainuka, akainama karibu na sikio langu.

"Sasa ule mwingine uzime, Ning. Hivyo vya masikioni vinavuja. Tangu asubuhi nausikia."