Mfano wa Neno

Mtaani walimwita Kamusi, maana kazi yake ilikuwa kuandika kamusi, na kwa miaka ishirini na sita mkewe aliishi naye bila kuulizwa hata ameamkaje. Basi alipolazwa kwa maradhi ya tumbo, akarudishwa nyumbani kakondeana, na mume akaanza kuvuta kiti kando ya kitanda kila jioni, loo, mwanamke alifurahi hadi akasahau anaumwa!

"Leo umekula vijiko vingapi vya supu?"

"Sita."

"Na jana?"

"Vinane."

Mume akamfunika miguu. Mke akajisemea, kumbe ananipenda, nilikuwa namwonea bure.

Wifi yake, dada wa mume, ndiye aliyekung'uta koti la kaka yake kabla ya kulifua, kadi za kamusi zikamwagika. Mke, mwalimu mstaafu, akazisoma zote. Juu neno la Kiingereza. Chini maana yake: kupungua kidogo kidogo hadi kukaribia kwisha, aghalabu nguvu, idadi au matumaini. Halisemwi kwa kilichoanguka ghafla. Kisha mfano: "Mgonjwa alikula vijiko vinane, kesho yake sita..." Sentensi haikuwa imemalizika.

"Kaka yangu hana haya!" wifi akafoka. "Anakufanya mfano?"

"Zirudishe mfukoni, wifi yangu. Nakuomba."

Aliumia, msidhani hakuumia. Lakini asubuhi ile daktari alikuwa amesema anapata nafuu, na njaa ilikuwa imeanza kumbana kweli kweli. Akapiga hesabu ya kipumbavu, ile ambayo mapenzi hutufundisha: nikipona, haketi tena hapa. Jioni akala vijiko vinne, iliyobaki akaimwaga kwenye beseni. Mume akakaa saa nzima, akamshika mkono. Kesho yake vitatu, akashikwa mkono tena. Wifi akamsihi, akalia, akamwita mjinga; wapi! Hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Baada ya wiki mbili mume akaingia anapiga mluzi.

"Wameupitisha! Kamati nzima ya kamusi inasema haijapata kuona mfano ulio hai namna hii."

"Hongera, mume wangu. Keti basi."

"Sikai, nimeshaanza neno jingine." Akakibeba kiti, akaenda nacho chumba chake cha kuandikia.

Mke akakitazama kile kipande cha sakafu kilichobaki wazi. Hasira ikampanda, ya kwanza tangu augue. Akaomba supu, bakuli zima, maana sasa alitaka kupona, hata kwa kumkomoa tu. Akameza kijiko kimoja, tumbo likakirudisha. Akajaribu tena, wifi akimshikilia shingo. Nacho kikarudi, na macho yakamgeuka.

Wifi akakimbia kugonga mlango wa chumba cha kuandikia. "Kaka, njoo! Hawezi kumeza hata kimoja!"

"Ungeniambia jana," akajibu kutoka ndani. "Kadi imeshapitishwa."