Meza Zilizogeuziwa Ukutani

Meza ya shangazi ilikuwa na mguu uliolegea. Akisukuma pasi, mguu unalia nyii, akiivuta, nyaa. Siku ile niliusikiliza mguu huo kuliko nilivyoangalia kazi yangu, kwa sababu ukinyamaza tu, ujue pasi imesimama juu ya kitambaa na shangazi anasinzia.

Asubuhi msimamizi alimwambia mbele yetu, "Ukiunguza kingine, kesho usije."

Msimamizi tulimwita Bi Kidole, kwa kuwa hakagui nguo kwa macho, anazipitishia kidole. Kazi yetu ilikuwa kupiga pasi nguo za hoteli, na siku ile tulikuwa na vitambaa vyeupe vya meza, vya harusi. Gari lingekuja kuvichukua jioni.

Zamani meza zetu zilitazamana: yangu, ya shangazi, na ya Kaka Pindo, mtu wa suruali. Shangazi alipiga pasi huku anasimulia. Kisa chake kilikuwa cha bwana harusi aliyeazima suti, na mwenye suti naye akaalikwa. Kila bwana harusi akitaka kukaa, mwenye suti anamfuata na kumnong'oneza, "Ndugu yangu, simama, unaikunja." Tulicheka mpaka machozi yakadondokea foronya, na mikono haisimami. Hatukuwahi kuunguza hata leso.

Ndipo Bi Kidole akaletwa. Akasikia kicheko, akasema mdomo na mkono havifanyi kazi pamoja. Akageuza meza, kila mtu akapewa ukuta wake. Kisha akaninyooshea kidole mimi. "Muigeni huyu. Hana maneno."

Ni kweli sina maneno, tangu utotoni nasema kwa shida. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nawahi kufika kwa ajili ya kile kisa. Kilikuwa kimefika pale soda nyekundu ilipomwagikia koti, na hapo ndipo tulipogeuzwa.

Tangu siku hiyo kazi ikawa nzito. Nikawa naacha mikunjo. Kaka Pindo aliipiga suruali moja mistari miwili, kama reli. Shangazi, aliyekuwa wa kwanza kumaliza kila siku, akaanza kuunguza.

"Wanasema kimya kina mshindo," Kaka Pindo alinong'ona. "Cha hapa kina moshi."

Sikucheka. Mama alipofariki, shangazi ndiye aliyenichukua. Akifukuzwa, kwa umri wake hakuna atakayempa tena pasi mkononi.

Nyii. Nyaa. Nyii.

Kisha kimya.

Niligeuza shingo. Pasi ilikuwa imetulia katikati ya kitambaa, na kidevu cha shangazi kimegusa kifua. Mlangoni Bi Kidole alisimama akiongea na simu, ametupa mgongo. Nikienda kumtikisa shangazi, atasikia hatua zangu, ageuke amkute amelala; akisikia sauti, atanigeukia mimi. Nikabaki pale pale, nikafungua mdomo.

"Basi yule bwana harusi," nikauambia ukuta, "akalivua lile koti."

Sauti ilitoka kama ya mgonjwa. Nikaikaza.

"Akalivua, akampa mwenyewe, akabaki na shati."

"Mwongo we," shangazi akasema nyuma yangu, sauti nzito ya usingizi. "Angelivuaje, na shati lenyewe lilikuwa la kifuani tu, halina mgongo?"

Kaka Pindo akapasuka kicheko. Nyaa, mguu wa meza ukalia. Nyii, nyaa. Shangazi akaendelea na kisa, na sisi tukaendelea naye, kila mtu na ukuta wake, na vitambaa vikapanda juu ya vingine. Nilisahau kuangalia mlangoni.

Nilipoangalia, Bi Kidole alikuwa ndani. Simu ilikuwa mkononi, imezimwa. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

Akaenda kwenye rundo la shangazi, akaanza kupitisha kidole. Kwenye kitambaa kimoja kidole kikasimama. Akakiinua kitambaa dirishani, akakigeuza huku na huku. Kilikuwa cheupe.

"Nani alianza maneno?"

"Mimi, bosi."

Alinitazama kama aliyesikia kiti kinasema. "Wewe? Ninayekutolea mfano?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akakirudisha kitambaa, akakinyoosha vizuri. Kisha, bila kumwangalia mtu, akauliza, "Na huyo mwenye suti, alipoona soda alifanya nini?"

Kaka Pindo akafungua mdomo, shangazi akamzuia kwa mkono.

"Hapo pana mambo, bosi," akasema. "Hapasimuliki kwa kisogo."

Nikaona ndiyo basi, katufukuzisha sote. Bi Kidole aliweka simu mfukoni. Akaja kwangu, akashika ncha ya meza yangu.

"Mkiunguza, nazirudisha ukutani," akasema. "Haya, shika huko."