Kadi ya Sitini na Mbili

Wapo wanaosema lau New Zealand ingekuwa na watu milioni moja tu, Mfalme kule ng'ambo angetusahau huku kusini tukafuga kondoo wetu kwa raha. Lakini tulikuwa milioni kumi na mbili, na mwenye wengi huombwa wengi. Ilipofika mwaka wa tatu wa vita, waliojitolea walikwisha, serikali ikaanza kura ya kuwapeleka vijana vitani: kila mara, asubuhi moja, vijana elfu tisa.

Kura yenyewe ilipigwa Wellington, katika chumba kilichofungwa kwa ufunguo. Yalikuwepo mapipa mawili ya gololi zenye namba, na madroo yaliyojaa kadi, kila kijana na kadi yake. Gololi ya pipa la kwanza ilitaja droo, ya pili ikataja kadi, ikihesabiwa kutoka mbele. Makarani walikuwa wanawake, maana wanaume wamebaki wapi? Mmoja wao ni Effie Rowe, mjane, mama wa Lionel, na Lionel alikuwa mtoto wake pekee.

Kadi zilipangwa mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba. Effie alijua zake. Mwezi mmoja kabla, akipanga droo ya 214, alifanya kosa ambalo kila karani mwenye mtoto alilifanya na hakuna aliyelikiri: alihesabu. Lionel alikuwa wa sitini na mbili. Tangu siku hiyo hakula akashiba. Ni heri asingejua!

"Droo mia mbili na kumi na nne!" aliita hakimu aliyesimamia kura.

Gololi ya pili ikazunguka ndani ya pipa.

"Sitini na mbili!"

Effie akabaki ameshika mpini wa droo bila kuuvuta. Ida, karani wa meza ya pili, akamnong'oneza, "We Effie, umeona jini? Fungua droo, chai inapoa."

Akafungua. Mlango ulikuwa umefungwa, ufunguo mfukoni mwa hakimu, na vidole vyake mwenyewe ndivyo vilivyotumwa kumtoa mwanawe. Moja, mbili, tatu. Alihesabu polepole kama mtu anayepanda ngazi za kitanzi. Kufika arobaini, kadi ikawa nene. Akaikwaruza kwa ukucha, ikaachana. Zilikuwa mbili, zimeshikana kwa unyevu wa majira ya baridi!

Kumbe mwezi ule alihesabu vibaya. Lionel si wa sitini na mbili, ni wa sitini na tatu. Ewe Mola! Furaha ilimpanda hadi kooni, akataka kucheka mle ndani kama mwendawazimu. Akaendelea hadi sitini na mbili, akaivuta kadi, akaisoma.

Jabez Penhallow. Nyumba ya jirani. Mtoto wa Maud, wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Maud aliyekwisha kuzika wawili, kama kuzika ni kuletewa barua tu. Jabez ndiye aliyebaki.

"Mama Rowe, unangoja nini?" hakimu aliuliza.

Hakuna aliyeziona kadi zile zikiachana. Angezibana tena, aseme arobaini ni moja, na sitini na mbili ingekuwa Lionel kama alivyoamini siku zote. Hesabu ya haki ilimwokoa mwanawe na kumchinja wa wifi yake. Ya uongo ingemchinja wake. Nani anaweza? Alimpenda Maud, wallahi alimpenda, lakini Lionel alimzaa yeye.

"Zimeshikana mbili hapa, mheshimiwa," alisema. "Nimezihesabu mbili."

Hakimu akaja, akahesabu mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali. "Sahihi kabisa. Penhallow, Jabez." Akaandika, kisha akawakumbusha wote kiapo: hakuna kutamka jina lolote hadi gazeti la Ijumaa, atakayetamka atafungwa.

Adhuhuri walifunguliwa mlango. Nje upepo ulikuwa unavua watu kofia, na pale langoni alisimama Maud, amekuja kumsindikiza nyumbani kama kila siku ya kura, mkononi skonzi ndani ya kitambaa. Akamtazama Effie usoni mara moja tu, na zile skonzi zikaanguka.

"Wifi! Ni Lionel?"

Effie akainama kuziokota skonzi. Kiapo kilimzuia kusema, na si kiapo tu.

"Usiseme, usije ukafungwa bure," Maud alimkumbatia kwa nguvu, akaanza kulia yeye kwanza. "Maskini weye, na mikono yako mwenyewe! Lia, wifi yangu, lia. Mimi najua uchungu wake. Sitakuacha peke yako."

Effie alilia kweli, mbele ya wapita njia, uso wake umezikwa begani kwa yule mama.

"Ijumaa nitakuja kwako asubuhi," Maud alisema, akimpangusa machozi kwa kiganja. "Nitakuja na Jabez. Tutalisoma gazeti pamoja, nikushike mkono."

"Haya, wifi," Effie alisema. "Njooni."