Chumba cha Pasi

Dada wa kazi alikuwa akipiga pasi shati la shule wakati ukuta wa sebule uliposogea hatua tatu, taratibu, ukaacha nyuma yake chumba kipya chenye dirisha dogo na harufu ya rangi mbichi. Mama mwenye nyumba alijishika tumbo, akahesabu siku kwa vidole. "Mimba ya tatu hiyo," alisema, akaenda kumalizia chai yake.

Ndivyo nyumba ilivyochorwa, ifuate mahitaji ya familia. Bibi alipoanza kuumwa magoti, ngazi zililala zikawa mteremko. Kijana mkubwa alipobalehe, mlango wake uliota komeo. Wote walikuwa na adabu zao, hakuna aliyeingia chumba cha mwenzake bila kupiga hodi. Dada, aliyewalea watoto kwa miaka kumi na moja, alilala koridoni, na waliopita walimruka tu. Kila mara nyumba ilipojipanga upya, korido ilipungua. Sasa alilala ubavu.

Hakutaka makubwa. Alitaka mlango, na yeye apigiwe hodi.

Siku mchora ramani alipokuja kukagua, Dada alijikaza kisabuni. "Samahani kaka, mbona nyumba hii mimi hainioni?"

Yule bwana alipekua fomu. "Hujaandikwa, dada yangu."

"Na mtoto aliye tumboni?"

"Huyo ni damu, anajiandika mwenyewe."

"Na mbwa?"

"Mbwa yumo, huyu hapa mstari wa mwisho." Akamgeukia mwenye nyumba. "Mama, tumwongeze?"

"Wa nini?" Mama alicheka kwa upendo wa kweli. "Huyu ni mtu wa nyumbani kabisa, wa kuandikiwa fomu?"

Mtoto alizaliwa, nguo za kunyoosha zikawa mlima, na nyumba ikaona haja. Kando ya jiko kilichomoza chumba chembamba chenye rafu moja, soketi moja na mlango wa mbao. Rafu iliitosha pasi barabara.

"Si ulale humo?" mama alisema. "Pasi haitajali."

Dada aliingiza godoro lake, akajibana pembeni kama mgeni. Alifunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Alifurahi mpaka akajionea haya.

Asubuhi mlango uligongwa. Moyo ukamruka, akaketi, akakiweka sawa kilemba.

"Hodi," ilikuwa sauti ya baba mwenye nyumba. "Pasi ipo?"

"Ipo, baba," Dada aliijibia pasi. "Karibu."