Ushahidi wa Mama Bazilio

Fidele Nkunzimana alizaliwa Kasulu, na wazazi waliokimbia Burundi. Kwa miaka minane alikuwa mkalimani wa wapelelezi wa mahakama ya kimataifa, kila walipokuja kambini Kibondo kutafuta mashahidi. Safari hii alikuja na mwanasheria mmoja, mwanamke wa Senegali, na hawakuja kuuliza kitu.

Walimkuta Esteri Niyubahwe nje ya nyumba yake, akipukuchua maharage. Mwanawe, Bazilio, aliuawa Bujumbura mwaka wa maandamano na vurugu, na askari wa kanali ambaye mahakama ilikuwa ikimshtaki. Esteri alishaisimulia habari hiyo mara tatu, kwa wapelelezi watatu tofauti, na kila mmoja alimwomba aanzie mwanzo.

“Mama Bazilio,” Fidele alisema kwa Kirundi, “yule kanali amefariki. Kesi imefungwa.”

Esteri hakuinua macho. “Amefia wapi?”

“Kwake. Aliugua.”

“Mkewe alikuwepo?”

Fidele alimtafsiria mwanasheria. Mwanasheria alisema hajui. Kisha akaeleza polepole kwamba mahakama za namna hii zilizaliwa baada ya vita vikubwa, dunia ilipokubaliana kwamba hata wakubwa wanaweza kushtakiwa. Lakini sheria huhukumu walio hai.

“Na maneno yangu?”

“Yamehifadhiwa.”

“Basi nisomeeni. Sijawahi kuyasikia.”

Mwanasheria alitazama saa, akafungua kompyuta. Fidele alisoma Kifaransa kwa macho, akasema Kirundi kwa mdomo, ukurasa baada ya ukurasa. Jua lilikuwa kali na koo lilimkauka. Alipofika ukurasa wa saba alisoma: “Asubuhi hiyo mwanangu alitoka kwenda kwenye maandamano.”

Esteri akaacha maharage. “Sikusema hivyo.”

“Ndivyo ilivyoandikwa, mama.”

“Nilimtuma chumvi. Mimi ndiye niliyemtuma. Hakwenda kuandamana, alikwenda dukani.”

Fidele alitazama kichwa cha ukurasa. Palikuwa na tarehe, na chini yake jina la mkalimani: lake mwenyewe. Aliikumbuka siku hiyo. Esteri alikuwa shahidi wa tano tangu asubuhi, na kila mtu alikuwa akizungumzia maandamano.

Angeweza kunyamaza, mwanasheria hajui Kirundi.

“Ulisema chumvi, mama,” alijibu. “Mimi ndiye niliyekosea. Nilikuwa nimechoka, sikukusikiliza vizuri.”

Esteri alisogeza ungo wa maharage kando. “Miaka yote hii wanamsoma kama mtu aliyejitakia.”

“Nisamehe.”

“Andika.”

Fidele alimgeukia mwanasheria, akamweleza kosa lake bila kulipunguza. Mwanasheria alisema faili limeshafungwa, hakuna hakimu atakayelisoma. Fidele alimwambia kwamba mama huyu haombi hakimu. Mwanasheria akashusha pumzi, akatoa karatasi ya marekebisho. Fidele aliandika, akamsomea Esteri mara mbili. Esteri akatia dole gumba.

Hakuwasindikiza. “Nendeni salama,” alisema, na kuurudia ungo wake.

Ndani ya gari mwanasheria alifumba macho. Walibaki mashahidi sita wa kupewa habari ile ile, wa kwanza akiwa Kasulu.

“Wote tuwasomee ushahidi wao kwanza,” Fidele alisema.

“Tutamaliza lini?”

Fidele alimwomba dereva maji, akanywa, akaanza kutafuta kwenye kompyuta kurasa nyingine zenye jina lake.