Mshika Bendera wa Firenze

Masika alikuwa na siri moja tu, nayo ilikuwa imemkaa rohoni miezi minane: macho yake yalikuwa yanafifia, na dawa pekee aliyoiona karibu ilikuwa meza ya dirishani.

Meza hiyo ilikuwa ya Salum. Karakana yao ya ushonaji ilikuwa ghorofa ya pili ya kiwanda cha zamani, Jeppestown, Johannesburg, mafundi kumi na wanne: Wakongo upande wa mlango, Watanzania upande wa dirisha, na katikati mstari wa chaki ambao hakuna aliyekumbuka nani aliuchora. Salum, fundi suti kutoka Tanga, alikuwa ameukalia mwanga wa jua miaka sita kana kwamba babu yake ndiye aliyeuwasha. Masika, upande wa Wakongo, alibaki chini ya taa ya bomba inayopepesa, akitunga uzi kwenye sindano kwa dakika tatu nzima huku akijifanya anawaza. Fundi asiyeona hana mteja, na Joburg haina muda wa kumhurumia mtu.

Basi, Agosti 2017, François akaja na oda. Huyu François alikuwa mlinzi wa lango katika klabu moja ya Wataliano, mashariki ya jiji. Huko kwao Butembo alikuwa mwalimu wa historia, na ualimu ulikuwa bado haujamtoka. Klabu ilitaka kuigiza vita vya Siena na Firenze vya mwaka 1260, kwa hiyo zilihitajika kanzu za askari na bendera.

"Italia ya wakati ule haikuwa inchi moja," aliwaeleza, kidole juu kama yuko darasani. "Kila muji ulikuwa na serikali yake, na adui wake alikuwa jirani. Wanapigana juu ya daraja, juu ya kijiji cha nyumba kumi. Jeshi linaenda na gari la ng'ombe, na bendera ya muji iko juu yake. Ile bendera ikichukuliwa, basi, c'est fini, vita imekwisha."

Mafundi waliutazama mstari wa chaki, kisha wakatazamana. Hawakuhitaji somo la pili.

Wakapiga kura kwa vipande vya kitambaa ndani ya kofia: Watanzania wakapata Siena, Wakongo wakapata Firenze. Na kwa kuwa wanachama wa klabu walikuwa wazee wa magoti mabovu, wajukuu zao wote wamehamia Cape Town, ilikubaliwa mafundi wenyewe ndio wawe askari. Hapo mdomo wa Salum ukamponza.

"Dada Masika, tusiishie kushona. Kengele ya mwisho ikilia, atakayekuwa ameishika bendera ya Firenze achukue meza hii mwaka mzima."

"Sharp, nimekubali," alisema Masika, hata kabla Salum hajamaliza. Kisha akaona haya, akajiinamia kuokota pini ambayo haikuwepo.

Ndipo François akakohoa. "Lakini Firenze walishindwa. Vibaya sana."

Salum alicheka mpaka akashika ukingo wa meza yake. Masika angeweza kurudi nyuma, na kila mtu angemwelewa. Hakurudi.

Maagizo yalipofika yakamtia hasira zaidi. Mzee Renzo, msimamizi wa sherehe, alitaka bendera ya Firenze ishikizwe kwenye mti wake kwa bandi, yaani zile nyuzi za muda ambazo fundi huzifumua kabla mteja hajaja. Askari wa Siena akiivuta mara moja tu, ichomoke yote, watu wapige makofi. Masika aliitikia vizuri. Kisha akamtuma Jeannine, mtoto wa dada yake na msaidizi wake wa kushona mistari mirefu, akanunue nyuzi, kwa sababu Jeannine hajawahi kutunza neno kinywani hata saa moja. Akakaa mwenyewe kwenye cherehani, akaufunga mfuko wa kuvishia mti kwa mshono wa mashine, mara mbili, akiufuata upindo kwa vidole zaidi ya macho.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba uwanja wa klabu ulijaa, nyasi bado za njano za baridi, watu mamia na sahani zao za tambi. Lo, ilikuwa vita. Ngoma zililia, marungu ya sponji yakaruka, vumbi likapanda mpaka Renzo akawa anakohoa ndani ya kipaza sauti. Gari la ng'ombe lilikuwa trela la kubebea nyasi, likivutwa na mafundi wanne wanaotukanana kwa Kinande cha kwao Butembo. Juu yake alisimama Masika, mti umebanwa kwapani, na kwa mara ya kwanza katika miezi minane hakuwa akiogopa kitu. Chini, Firenze walikufa mmoja mmoja kama ilivyopangwa. Jeannine alikufa mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakuna aliyempiga picha.

Salum alipanda trela akitabasamu, akakamata kitambaa, akavuta.

Hakikutoka. Akavuta tena, tabasamu likamyeyuka.

"Dada, achia. Imeandikwa hivyo."

"Historia iko ya François," alisema Masika akihema. "Bendera iko yangu."

Salum akavuta kwa mwili mzima, Masika akakumbatia mti kwa mikono na magoti, na trela likaanza kutembea lenyewe. Maiti za Firenze zikafumbua macho, zikainuka, zikakimbilia kwenye magurudumu. Renzo alipiga kelele kwa Kitaliano. Bibi mmoja mwenye asili ya Firenze alipanda juu ya kiti akigonga sahani kwa uma, na mumewe, mtu wa Siena, akamvuta sketi ashuke. Kengele ikalia. Masika alikuwa bado ameikumbatia bendera, skafu imemdondoka, anacheka na kulia pamoja.

Furaha ile haikumaliza dakika tano. Naseeb, kijana wa upande wa Salum, alikuja mbio. "Oda ilikuwa bandi. Haihesabiki."

"Atelier yetu, karakana nzima, haitoi kazi ya bandi," alijibu Masika.

"Kama ni mshono wa kazi, sawa. Kama umelipua tu, kazi ya ovyo, ili ushike, huo ni ujanja, na meza inabaki."

Kwa jambo la namna hiyo karakana ilikuwa na desturi ambayo pande zote mbili ziliiheshimu: mshono ukigombaniwa, mpinzani ndiye anayeukagua, na neno lake ni la mwisho. Bendera ikapelekwa kwa Salum. Hapo ndipo Masika alipoliona kosa lake. Siku ile kwenye cherehani alikuwa amewaza uimara tu, si unyoofu.

Salum aliugeuza mfuko nje ndani. Kwenye jua lile kali kila kitu kilionekana: mshono ulitoka kwenye upindo, ukapotea, ukarudi, mahali pengine umeshona hewa. Mwanafunzi wa miezi mitatu angeuonea aibu. Salum alipitisha kidole polepole hadi mwisho. Kisha akainua uso, akamtazama Masika. Bendera aliisahau, alitazama macho yake, moja baada ya jingine, kwa muda mrefu. Masika akajua kwamba amejua. Neno moja tu, na kufikia Jumatatu habari zingekuwa zimetoka Jeppestown zimefika mpaka mtaa wa Bellevue.

"Fundi, sema," alihimiza Naseeb. "Mshono umenyooka?"

Salum aliikunja bendera haraka, mshono ukaingia ndani, akaibana kwapani.

"Umenyooka kama rula," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Siena tumeshindwa. Meza ni yake."

Naseeb alinung'unika, Wakongo wakaanza kuimba, Jeannine akapiga vigelegele. Salum alipita karibu na Masika kumrudishia bendera, akainamisha kichwa.

"Jumatatu uwahi, dada. Mwanga mzuri pale ni wa saa mbili asubuhi."

Masika aliitikia kwa kichwa, akaipokea bendera, mshono ukiwa bado umefichwa ndani.