Harufu Tamu Kwenye Sinki

Mwanga huingia maabara kwa dirisha la juu. Huingia mwembamba, huingia kwa aibu, kama mgeni aliyekosea mlango. Hugusa shingo ya chupa moja, hugusa tumbo la pili, hupasuka rangi kwenye kioo, kisha huanguka sakafuni, huko chini ambako hakuna msomi anayetazama.

Muosha vyombo hutazama. Mwaka wa kumi na moja huu, tangu siku walipomfukia mumewe, amesimama kwenye sinki la nyuma la maabara ya kemia, mikono ndani ya povu, akisugua vioo vya chuo kizima. Wanafunzi humwita Mama Chupa. Hayo ni pale wanapokumbuka kumwita. Wengi humpita kama wanavyoipita ndoo, tena ndoo huikwepa kwa adabu zaidi, maana ndoo yaweza kuwalowesha viatu.

Darasa la saba ndipo alipofika. Jina lake analiandika kwa mwandiko unaosomeka, jambo ambalo maprofesa wawili wa jengo lile hawajaliweza. Sala zake hazimpiti. Na Mola aliyempa macho na pua hakumwambia ayafumbe haya wala aizibe hiyo.

Basi akawaona.

Aliliona somo lenyewe kwanza, hilo wanaloliita kemia ya kaboni: elimu ya karibu kila kinachoota, kinachonuka na kinachoungua. Ewe somo, una makeke! Umejaa maumbo ya pembe sita ubaoni, umejaa mikia na mishale, kama nyuki aliyepewa chaki akalewa. Wanakuogopa mabarazani. Wanakutaja kwa sauti ya chini kama ugonjwa. Na kumbe wewe ni yaleyale tuliyoyajua jikoni: kipi kinakubali kuchanganyika na kipi, na kipi kinakataa.

Kisha akamwona mwalimu wake. Wembe, ndivyo walivyomwita, na jina alilipenda. Kila mwanzo wa mwaka aliingia na orodha ya majina, akaipiga mstari mwekundu katikati, akaibandika mlangoni. "Chini ya mstari huu," alisema, "kutakuwa na watu. Sijui ni nani, lakini watakuwepo. Hawajawahi kukosa." Akacheka peke yake. Alijisifia walioanguka kama mwindaji anavyotundika pembe ukutani. Mpishi akiunguza nusu ya chakula hufukuzwa kazi. Huyu alipandishwa cheo.

Msomi mkubwa huyo.

Mama Chupa aliomba toba kwa dharau zake. Akamaliza toba, akamwona Wembe anapita na koti jeupe lililopigwa pasi upande wa mbele tu, akaanza upya.

Ila mwaka huu dharau ilikuwa na donge ndani yake. Kwenye orodha ile lilikuwemo jina la kitindamimba wake, binti wa mwisho, aliyekuja chuoni kusomea ufamasia. Mwaka jana binti aliangukia chini ya mstari. Kanuni ya chuo ni kavu: somo hili hurudiwa mara moja. Ukianguka tena unakabidhi kitambulisho, unafunga mabegi, na dawa utazijua kwa kuumwa.

Siku ya kwanza ya kurudia, Wembe alimsimamisha mbele ya darasa zima.

"Wewe si binti wa yule mama wa chupa?"

"Ndiye mimi, mwalimu."

"Basi usihangaike sana. Nyumbani kwenu kazi mnayo."

Darasa likacheka. Maji ya sinki yakaendelea kutiririka. Mama Chupa alisugua bika moja mpaka alama za vipimo zikaanza kufifia.

Akayaona na madarasa yenyewe yanavyosoma. Yalikuwa na kiongozi, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, wenzake wakimwita Dokta kabla hajawa chochote. Dokta hakusoma, Dokta alikariri. Alikusanya mitihani ya nyuma, akaitungia vibwagizo, akawafundisha wenzake kuviimba ukumbini kama watoto wa chekechea. Kimoja kilipendwa kuliko vyote, maana kiliokoa muda. Mafuta juu, maji chini! Fungua koki, mwaga chini!

Kilikuwa kibwagizo cha ile faneli kubwa ya kioo, yenye tumbo juu na koki chini. Mnatia humo maji yenye kitu mnachokitafuta, mnaongeza dawa ya kukivuta, ile ambayo kibwagizo kiliiita mafuta, mnatikisa. Vikitulia, vinagawana matabaka mawili kama ndugu waliogombana: moja juu, moja chini. Kitu chenu kimehamia kwenye dawa. Maji yamebaki kapi. Mnafungua koki, mnatenganisha, mnamwaga kapi, mnaikausha dawa kwa moto, mnabaki na mali.

Binti aliuliza, "Kwa nini maji yawe chini kila mara?"

"Kwa sababu yamekuwa chini kila mara," Dokta akajibu, na kalamu zote tatu zikatikisika. "Dada, wewe umeanguka mara moja kwa maswali ya namna hiyo. Imba tu."

Msomi mkubwa huyo.

Na hapa ndipo ilipo siri ya sinki, siri ambayo hakuna profesa aliyewahi kuiuliza. Maji matupu yakimwagwa hayanuki. Dawa ikimwagwa, inanuka: tamu, tamu ya kukera, kama tunda lililokaa kabatini likasahauliwa. Harufu ile ikipanda kutoka kwenye tundu la sinki, Mama Chupa hujua kuna mtu amemwaga alichokuja kukitafuta na amebaki amekumbatia kapi. Matokeo hubandikwa baada ya wiki tatu. Pua yake huyapata siku ileile.

Nyumbani binti alisoma mchana wote wa Jumamosi, mchana wote wa Jumapili baada ya ibada. Alichora pembe sita kwenye mvuke wa kioo cha dirisha, akazifuta, akazichora tena zikiwa zimegeuka. Hakuimba. Alikaa na kitu kimoja mpaka kimwambie kwa nini. Wakati mwingine alilia kidogo, bila kelele, kalamu ikiendelea kutembea. Mama yake alipita na fagio, akafagia palipokwisha kufagiwa.

Ikaja siku moja kabla ya mtihani wa vitendo. Mama Chupa alipanga faneli mezani, na kwa jicho la pembeni akamwona Wembe akijaza dawa kwenye vichupa visivyo na majina, vyenye namba tu. Akaiona chupa kubwa aliyokuwa akiimimina. Ile ya kahawia. Ile ambayo kila anapoifuta vumbi mkono humuuma, kwani ni ndogo kuliko ya maji na nzito kuliko ya maji.

Dawa nzito. Nzito kuliko maji. Itazama yenyewe, na maji yataelea.

Akaelewa mtego wote kwa mpigo, akasimama na kitambaa mkononi, na moyo ukampiga kama mlango wenye mgeni wa haraka. Neno moja tu. Jioni hii, juu ya sahani, neno moja kwa mtoto wake: safari hii, maji juu.

Saa hiyohiyo wakaja. Dokta na wenzake watano, watu ambao mwaka mzima salamu zilikuwa zimewakauka mdomoni, leo zikawamwagika.

"Shikamoo mama!"

"Shikamoo mama yetu!"

"Marahaba."

"Mama, kazi nzito hii, pole sana. Eti mama, leo umepanga nini humo ndani?"

"Vyombo."

"Na dawa? Umeona dawa gani?"

"Nimeona chupa, wanangu. Si ndilo jina langu?"

Wakaondoka, na mmoja hakungoja afike mbali ndipo aseme, "Mama wa watu hajui kitu, mnamsumbua bure."

Jioni binti alikula tonge tatu akaweka mkono chini. "Mama," alisema, "umeingia maabara leo?"

"Nimeingia."

Binti akamtazama. Mama akaitazama chumvi. Kimoyomoyo mjane alimwita Mola wake kwa majina yote aliyoyajua, akimwomba amfunge ulimi au amsamehe akiufungua.

"Kula," akasema. "Unakonda."

Hakusema zaidi. Vya wenyewe hakuvigusa kazini, hata kipande cha sabuni; atamgusia mwanawe mtihani huu? Akaingia chumbani, akasujudu, na paji la uso wake likabaki chini mpaka magoti yakafa ganzi.

Asubuhi walisimama mezani, koti kwa koti. Mama Chupa aliwekwa nyuma, uso kwenye sinki, mgongo kwa watahiniwa, na fundi wa maabara, mzee asiyependa maneno, akakaa kati yake na wao, saa na daftari mkononi.

Faneli zilitikiswa. Faneli zikatulia. Matabaka mawili, yote meupe kama machozi, hakuna awezaye kuyajua kwa macho. Kisha koki zikaanza kulia, na nyayo zikaja kwenye sinki, moja, nyingine, nyingine, kwa mwendo wa kibwagizo. Mafuta juu, maji chini. Wakamwaga.

Na harufu ikapanda.

Ikapanda tamu, ikapanda nzito, ikamzingira kichwa, ikawa kama bustani iliyooza kwa wakati mmoja. Mama Chupa alifumba macho. Kila wimbi aliomba lisiwe la mtoto wake. Hakugeuka. Aliosha.

Ndipo akaisikia sauti ya Wembe nyuma yake, inayotaka kusikika na wote.

"Binti wa chupa! Wenzako wamemaliza kumwaga. Wewe umeshika tone la maji unaliombea?"

"Naliuliza, mwalimu."

"Unaliuliza nini?"

"Kwao ni wapi."

Wakacheka, na Dokta alicheka kwa nguvu kuliko wote, huku akichemsha maji matupu. Binti alikuwa ameinamia mdomo wa faneli, kibomba cha kudondoshea mkononi. Akaachia tone moja la maji. Lingeliogopa tabaka la juu, lingejikunja kama shanga na kuzama kwenda kutafuta ndugu zake chini. Halikuzama. Lilitua juu, likafunguka, likapotea, kama mtu aliyeingia kwao bila kubisha hodi.

Basi maji yako juu. Binti akaitoa dawa ya chini polepole kwenye chupa yake, akaandika. Na yale ya juu nayo akayatia chupa nyingine, akaandika, hakumwaga kitu, kwa kuwa mtu mwenye shaka hana haraka ya kutupa.

Saa nzima baadaye, kwenye meza thelathini na kitu palikuwa na vyombo vikavu, visafi, visivyo na kitu. Wachache waliokuwa na mabaki walikuwa na ukungu wa kukwangua. Kwenye meza ya binti kulikuwa na sindano nyeupe, fuwele za kile walichokuja kukitafuta, zimelala juu ya karatasi, nyingi, kavu, zimetulia.

Dokta alikuja sinkini mbio, koti wazi. "Mama! Niliyoyamwaga hapa, yamekwenda wapi?"

"Yalikokwenda ya wenzako, mwanangu."

Wembe alisimama mbele ya zile sindano muda mrefu. Uso wake ulitafuta kicheko chake ukakikosa. Kisha akakipata kitu kingine.

"Mama yako alipanga vyombo jana," alisema. "Aliniona nikijaza. Utaniambia hakukuambia?" Akaichukua karatasi ya majibu, akaifungua kalamu nyekundu. "Matokeo haya nayafuta. Udanganyifu."

Povu likasikika likipasuka. Mama Chupa aligeuka, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, mikono ikichuruzika, na akaona kila kitu cha mtoto wake kimening'inia kwenye ncha ya kalamu: kitambulisho, mabegi, mlango. Alitaka kuapa. Lakini kiapo cha Mama Chupa mbele ya mtu yule kingekuwa na uzito gani?

Binti ndiye aliyesema. Sauti ilitetemeka, maneno hayakutetemeka.

"Mwalimu, aliyeambiwa haulizi tone."

"Nini?"

"Kama mama angeniambia, ningefungua koki nikatoa dawa yangu nikaketi. Ningekuwa wa kwanza kumaliza. Nimekuwa wa mwisho. Nimeuliza kwa sababu sikujua, na umeniona nikiuliza."

"Mimi sikuona kitu."

Mzee wa saa alikohoa. Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, na hakuinua kichwa aliposema. "Uliona, bwana. Ulimcheka. Nimeandika na dakika." Akageuza daftari lake la usimamizi juu ya meza, na pale, kwa wino wa buluu: saa nne na dakika kumi na mbili, mtahiniwa apima tabaka kwa tone la maji, mwalimu amdhihaki.

Msomi mkubwa huyo alisoma mstari ule mara mbili. Watu thelathini na kitu walimtazama akisoma. Kalamu nyekundu ikarudi mfukoni bila kuandika, na alama ambazo hakupenda kuzitoa akazitoa, kwa mkono mzito, zote.

Wakati wa mapumziko mama na mtoto walibaki peke yao kwenye sinki. Binti alishika ukingo wake kwa mikono miwili.

"Mama. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniambia nile."

"Ulikuwa unakonda."

Binti alicheka, kisha akalia, kisha hakujua ni kipi kati ya viwili, akamwegemea mama yake na koti lake la kuazima likalowa povu. "Ningekuomba tena, ungesema?" alinong'ona.

"Ningesema," mjane alikiri, maana uongo hakuuweza hata pale. "Mungu alikuona unakaribia kuomba, akakujaza tonge."

Juu ya meza, juu ya karatasi, zile sindano zilikuwa bado hazijachukuliwa kupimwa. Jua lilikuwa limesogea. Ule mwanga wa dirisha la juu, unaoanguka sakafuni miaka yote bila wa kuupokea, ulishuka ukazikuta. Ukaingia moja, ukaingia nyingine, ukakaa. Nao wawili wakasimama kuutazama, mikono imelowa, hakuna aliyekuwa na haraka ya kufuta.